Bei ya chupa ndani ya boti: maneno ya kamati ya biashara mbele ya mkutano mkuu

Waliotoka Makobola, Mboko na Baraka, poleni na njia, tunajua ile barabara.

Mmetuita sisi kamati ya biashara tuje kujieleza juu ya vinywaji tunavyouza ndani ya boti. Maneno yanayotembea huko Mulongwe na Kavimvira tumeyasikia. Kwamba faida imepungua. Kwamba kamati imekula. Kwamba tumeshusha bei ya maji ili watu watupigie makofi bandarini, na tumepandisha bei ya divai mpaka wafanyabiashara wanatukimbia. Tutasema yote, hata lile la aibu kwetu. Daftari liko hapa mezani, mwenye kutaka kulishika alishike.

Mnakumbuka vile tulianza. Sanduku la chama lilikuwa na pesa kidogo iliyobaki baada ya likelemba, na mama mmoja wa Kalundu akasema: boti za kwenda Kalemie zinatembea usiku kucha, saa nyingine na kesho yake yote, na mle ndani watu wanakauka. Tukaomba kwa mwenye boti kona moja nyuma ya kapiteni. Tukaweka kreti za Primus, soda, maji ya chupa, na rafu moja ndogo ya divai.

Wengine mlituuliza siku ile: divai ya nini? Ndani ya boti yenye magunia ya fufu na mbuzi? Tulijibu kwamba wanapanda pia wafanyabiashara wa vitenge, wakubwa wa serikali walio kwenye misioni, na watu wa harusi ambao hawataki kufika kwa mashemeji mikono mitupu. Tena mzee wetu mmoja alisema jambo ambalo lilitushinda nguvu. Alisema wakati wa Wabelgiji, mpaka miaka ya 1950, mtu mweusi wa kawaida alikuwa hana ruhusa ya kununua divai, bia tu; sasa leo mnataka kuikataa wenyewe? Basi tukanunua.

Hapo ndipo tuliitaka akili ya wale wanaojua. Mwenzetu mmoja aliyekimbilia Mombasa wakati wa vita ana mtoto wa dada yake anayefanya kazi ya kuhudumia mezani kwenye meli za watalii, zile meli ndefu kama mtaa mzima, zenye mabwawa ya kuogelea juu. Alimpigia simu, na yule kijana akatufundisha vizuri sana. Tuliandika kila kitu.

Hesabu ya wale wakubwa iko hivi. Chupa ya kawaida ya divai ina mililita 750. Wanatoa glasi tano, kila moja mililita 150. Glasi ya kwanza peke yake inakaribia kurudisha pesa waliyonunulia chupa nzima. Nne zinazobaki zinalipa mhudumu, barafu, glasi zinazovunjika, kisha faida. Juu ya bei iliyoandikwa wanaongeza pesa ya utumishi, mara nyingi 18 mpaka 20 kwa mia. Na usifikiri utaponyoka kwa kuleta chupa yako toka nyumbani. Ziko kampuni kubwa ambazo zinaruhusu chupa moja tu kwa mtu mzima, siku ya kupanda, na ukitaka kuinywa kwenye chumba cha kula unatoa karibu dola 15 ili wakufungulie. Kukufungulia tu! Chupa ni yako, mdomo ni wako.

Tuliuliza kwa nini watu wanakubali. Kijana akasema: kwa sababu meli ikishaacha nchi kavu, butiki iko moja. Tiketi wanaiuza kwa bei ya kuvuta watu, halafu pesa yenyewe wanaitafuta huko katikati ya bahari, kwenye baa, kwenye kamari, kwenye matembezi ya bandarini. Kwenye meli za matajiri hasa, kama za Silversea, Regent au Seabourn, wanafanya kinyume: divai ya kila siku imo tayari ndani ya tiketi, lakini kuna orodha ya pili, ya chupa za sifa, za zamani, na hiyo unailipa pembeni. Aliyezoea kujionyesha ataiomba. Asiyetaka haumii, glasi yake imejaa.

Haya maneno yalitupendeza mno. Tukajiona na sisi ni watu wa meli. Butiki iko moja! Tulilirudia hilo neno kila mkutano wa kamati, mnaweza kulikuta kwenye daftari mara tatu.

Kuchagua divai yenyewe kulitushinda mwanzoni, tukubali. Chupa za kwanza tuliziweka karibu na motere kwa sababu pale palikuwa na nafasi. Divai haitaki moto. Inavimba ndani, inasukuma kizibo, na ladha inakuwa kama ya kitu kilichopikwa. Tulipoteza chupa nne kabla ya kuelewa. Sasa ziko chini kabisa, upande wa maji, zimelazwa, zimefunikwa na gunia lililolowana. Kosa la pili: kuuza kwa glasi. Ukifungua chupa na mtu akanywa glasi moja, nyingine nne zinabaki na hewa, na baada ya siku mbili unauza siki. Ndiyo maana ya glasi tulihamia kwenye divai ya boksi, ile yenye mfuko ndani unaojikunja bila kuingiza hewa; inakaa wiki kadhaa bila kuharibika. Chupa tunaziuza nzima tu. Na tumeacha kununua aina nyingi. Tuko na nyekundu tamu, nyekundu kavu, na saa nyingine ya Dodoma ikipita Kigoma, kwa sababu wengi wetu tuliizoea kule Tanzania. Nyeupe hapana, bila barafu hakuna anayeitaka.

Sasa tufike kwenye lile la aibu.

Ile akili ya butiki moja hatukuiacha kwenye divai. Tuliiweka mpaka kwenye maji. Chupa ya lita moja na nusu tulikuwa tunainunua hapa mjini franka 1,000, tunaiuza ndani ya boti 2,500. Hakuna aliyepiga kelele, na sisi tukaandika faida. Halafu ikaja ile safari ya mwezi wa saba, wakati upepo wa kusini ni mkali. Boti ilishindwa kuzunguka Ubwari. Kapiteni akafanya vizuri, akajificha nyuma ya kilima, wakakaa pale usiku mmoja na siku nzima. Watu wamejaa, jua linapiga, chakula walichobeba kimeisha. Muuzaji wetu, tena tuliyemchagua sisi wenyewe, akapandisha chupa ya maji mpaka 5,000. Hakuiba. Alifanya vile tulimfundisha. Alirudi Uvira na pesa nyingi kuliko safari yoyote, na sisi tukamsifu mbele ya watu.

Mle ndani alikuwemo mama mmoja, wa kwetu, wa Lugufu, na watoto wawili. Hakuwa na 5,000. Alichovya jagi ziwani akawapa watoto. Nani kati yetu hajafanya hivyo? Ziwa letu ni safi kwa macho, unaona mpaka mawe ya chini. Lakini sisi watu wa Uvira, Fizi na Kalemie, kipindupindu hatufundishwi na mtu. Siku ya pili baada ya kufika Kalemie mtoto mdogo alilazwa kwenye kituo cha kipindupindu, na dripu. Alipona, Mungu asifiwe. Yule mama aliporudi alikuja kwenye ofisi yetu. Hakutukana. Aliuliza tu: yale makatoni ya maji yalikuwa ya nani?

Tulikaa kimya. Mhasibu wetu ndiye aliyemjibu: ni ya chama, mama. Ni yako pia.

Wenzetu, kati ya waliokaa hapa leo kuna waliorudi kwa Liemba mwaka 1997, ile meli ya Wajerumani ya mwaka 1913, iliyozamishwa 1916 ikainuliwa 1924, na ikatufaa sisi kurudi kwetu pamoja na watu zaidi ya 75,000. Kuna waliokuja na Mwongozo kutoka Kigoma mpaka Baraka, kuanzia 2005. Tunajua maana ya kukaa juu ya maji huku huna pa kushukia. Safari za kawaida za Liemba za kwenda Mpulungu zilikuwa na baa na chumba cha kula, na mtu wa daraja la kwanza alinunua bia yake baridi bila kuulizana na mtu. Ilikuwa haki yake. Lakini aliyelala juu ya mizigo na mtoto mgongoni, huyo huwezi kumwita mnunuzi, kwa sababu hana namna ya kukataa.

Tulimpigia simu tena yule kijana wa meli za watalii. Tulimuuliza swali ambalo tungemuuliza mwanzo: na maji ya kunywa, mnauza bei gani? Akacheka. Akasema maji ya bomba ya meli ni bure. Ukikaa mezani wanakumiminia, ukimaliza wanaongeza. Yanayouzwa ni ya chupa, kwa mwenye kuyataka. Watu wanaotoza dola 15 ya kufungua kizibo, maji ya kawaida hawayatozi. Sisi tulikuwa tumechukua nusu ya somo lao, ile nusu iliyotufaa.

Ndiyo maana tulibadilisha, na tulibadilisha kabla ya kuwaita ninyi, kosa hilo tunalikubali. Mkutano ulikuwa mbali na boti ilikuwa karibu. Sasa ndani ya boti kuna bidoni mbili za lita 20 zenye robine, maji yamewekwa klorini bandarini kabla ya kuondoka. Hayo ni bure, kwa kila mtu, awe mwanachama au asiwe. Maji ya chupa ni 1,500, upepo uwepo usiwepo. Primus imebaki 5,000, tunainunua 3,000. Divai ya chupa tunayonunua dola 7, tulikuwa tunaiuza 15, sasa ni 18. Karatasi ya bei imebandikwa Kalundu pale watu wanapopandia, kwa Kiswahili na Kifaransa, ili mtu ajue kabla hajakanyaga ubao na akitaka abebe vya kwake. Sisi hatutozi cha kufungua.

Hesabu sasa, maana ndiyo mliyoijia. Zamani safari moja tuliuza chupa 30 za maji, faida 1,500 kila moja: franka 45,000. Sasa zinatoka kama 12, faida 500: franka 6,000. Tumepoteza 39,000. Upande wa divai, zamani chupa sita kwa faida ya dola 8, jumla 48. Sasa zinauzwa tano kwa faida ya dola 11, jumla 55. Tumepata dola 7 zaidi, na kwa vile dola moja ilibadilishwa franka 2,800 wakati tulipopiga hesabu, ni 19,600. Toa klorini na kubebesha bidoni, kama 2,000. Shimo linalobaki ni franka 21,400 kila safari. Hizo ndizo pesa mnazosema kamati imekula. Hatukuzila, lakini ni kweli hazimo tena kwenye sanduku, na mgawo wa mwisho wa mwaka utakuwa mdogo. Mjane aliyetegemea mgawo huo kulipia mtoto shule ana haki ya kutukasirikia, na wako watatu tunaowajua kwa majina.

Wafanyabiashara wa vitenge wamelalamika juu ya dola 18, ni kweli. Mmoja alituambia tunamtoza yeye maji ya watu wengine. Tulimwambia ndiyo, ndivyo ilivyo. Alinunua chupa moja badala ya mbili.

Kuna pendekezo la kuuza pia pombe kali za vichupa vidogo ili kuziba lile shimo. Sisi kamati tumegawanyika. Watatu wanasema faida yake ni ya haraka. Wanne tunasema boti ya usiku, watu wamelewa, watoto pembeni ya ukingo, hapana. Mtaamua kwa kunyoosha mkono baada ya maneno haya, na tutafuata. Pendekezo la pili ni kurudisha maji kwenye bei ya zamani. Hilo pia mtalipigia kura, lakini tunawaambia mapema: likipita, mtafute kamati nyingine ya kulitekeleza.

Boti inatoka Alhamisi jioni. Robine ya bidoni moja imepasuka. Mwenye bidoni nzima nyumbani atuletee Kalundu kabla ya Jumatano saa kumi, tutamwandikia kwenye daftari.