Mtu Mzima na Pepo za Mwaka

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)

 

Sisi tukikutana huulizana, "U mzima?" Mzima ni mwenye uhai, ni mwenye afya, ni aliyekwisha kukua, tena ni kitu kisichopungua kipande. Lugha yetu imeyafunga yote manne katika neno moja. Basi mtu huwaje mzima?

Nilistaafu mwaka 2014. Mwaka uliofuata mke wangu alifariki. Nikarudi kwetu Makunduchi, kusini mwa Unguja, sina kazi wala mwenzangu. Watu wakinijulia hali nilijibu "mzima", na moyoni nikijua nimebaki nusu.

Kilichonifaa ni jembe, na mwaka wenyewe. Wazee wa pwani walikuwa na mwaka wa jua wa siku 365, wakauhesabu kwa makumi, kila kumi likiitwa mwongo. Kwa miongo hiyo mkulima alijua siku za kupanda, na baharia siku za kutweka tanga. Kaskazi, tangu Desemba hadi Machi, ilileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi ikayarudisha. Katikati yake huja maleleji, wakati ambao upepo haushiki upande. Baharia hakugombana na maleleji. Alitengeneza chombo chake, akangoja.

Nami nilikuwa katika maleleji yangu. Nikapanda mihogo na mbaazi. Masika ikapita, kipupwe kikaja na baridi yake, kisha vuli. Huzuni haikuniacha, ila ilipata majira yake kama mvua. Haikuwa tena mwaka mzima. Ndipo nikafahamu kwamba mwaka ni mzima kwa sababu una yote, jua na mvua, pepo na shwari. Uondoe masika ubakize kiangazi, hutakuwa na mwaka bali ukame.

Kwetu kila Julai, siku ya Mwaka Kogwa, watu hupigana kwa migomba, na kinyongo cha mwaka uliopita kikaishia pale pale.

Mtasema mvua za siku hizi hazishiki miadi. Ni kweli, lakini mkulima halimi kwa kuwa mvua imeahidi. Hulima ili ikija imkute tayari.

Vijana, yuko kati yenu anayengoja matokeo, na yuko aliyefiwa. Msidhani mmevunjika, upepo unageuka. Nanyi wenzangu wenye mvi, kustaafu si kuzama. Chombo ni kile kile. Tukikalafati, tutweke.