Simu ya kiongozi imebeba kijiji kizima

Maongezi na kamati za wakimbizi wa ndani na jamaa zinazowapokea, Butembo na Beni



Katika mikutano hii tumezoea kuongea juu ya mashamba, juu ya maji, na juu ya uvumi. Uvumi unaoingia kwa njia ya simu tuliuona wakati wa Ebola, kuanzia 2018 mpaka 2020. Leo naomba tuongee juu ya habari zinazotoka ndani ya simu, mwenyewe akiwa amelala.

Zinatoka namna gani? Unapoweka Facebook au WhatsApp kwa mara ya kwanza, inakuomba ruhusa ya kuona namba zote ulizoandika. Wengi tunakubali haraka, kwani tunatafuta ndugu aliyebaki Oicha au Kanyabayonga. Ukikubali, namba hizo zinapelekwa kwa kampuni: ya mama mkwe, ya mchungaji, ya yule aliyekupa chumba huko Bulengera. Wao hawakuulizwa. Facebook inatumia namba hizo kupendekeza watu ambao labda mnajuana. Kwa hiyo mtu uliyemkimbia anaweza kuletewa jina lako na picha yako mpya, hata kama hukumwandikia neno.

Tena kuna mahali ulipo. Programu uliyoiruhusu kujua mahali inaweza kutambua unapolala na soko unaloenda. Hata kurasa nyingine za intaneti zimewekwa kifungo cha Facebook. Usipokigusa, kampuni bado inaweza kujua kwamba simu yako imepita pale. Faida yao ni matangazo ya biashara. Sisi tunadhani tumelipia mega tu, kumbe tunalipa pia kwa habari zetu.

Wengine wanasema kampuni inasoma kila ujumbe wa WhatsApp. Sivyo. Tangu 2016 maneno mnayoandikiana yanafungwa, wanaoyaona ni wenye kuandikiana. Lakini nani anaongea na nani, na saa ngapi, hayo kampuni inaweza kuyajua. Na mwenye WhatsApp ni yule yule mwenye Facebook, tangu 2014. Leo anaitwa Meta.

Tusitiane woga bure. Meta haikuwafukuza ninyi katika mashamba yenu. Ila ghala lolote laweza kuvunjwa. Mwezi wa Januari 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wezi wa kompyuta wameingia katika habari za watu zaidi ya 515,000, wakiwemo waliotenganishwa na jamaa zao kwa vita. Hao ni watu wa kulinda siri, na bado waliibiwa. Je, sisi?

Hapa ndipo ninapotaka mashefu na wakuu wa kamati wanisikilize sana. Kwa maoni yangu, hatari iliyo karibu nasi kuliko kampuni ya Marekani ni orodha. Kiongozi anaandika jamaa waliofika, anapiga picha ya karatasi pamoja na kadi za uchaguzi, anaitupa katika kikundi ili mashirika waone. Kikundi cha WhatsApp chaweza kuwa na watu 1,024. Unawajua wote? Simu moja ikinyang'anywa njiani, aliyeichukua anajua mjane gani anaishi peke yake na mabinti, katika avenue gani, na ametoka kijiji gani. Katika eneo la Beni, ambako mauaji ya raia yameendelea tangu Oktoba 2014, hilo si jambo dogo.

Najua mtanijibu: mficha uchi hazai, tusiposema shida zetu nani atatusaidia? Ni kweli. Lakini hakuna anayezalia katikati ya soko.

Simu zetu nyingi zinaandika Kifaransa. Katika WhatsApp tafuteni Paramètres, halafu Confidentialité. Picha yenu ionekane na Mes contacts tu, na hapo hapo chagueni nani anaweza kuwaingiza katika vikundi. Katika mipango ya simu yenyewe, chini ya Autorisations, ondoeni ruhusa ya Localisation kwa Facebook. Ruhusa ya namba pia mnaweza kuiondoa. Na picha ya watoto mbele ya kanisa lenye jina ukutani inasema mahali mlipo, hata Localisation ikiwa imezimwa.

Kwenu ndugu wa mashirika mliokaa nyuma: mkihitaji orodha, njooni muichukue kwa mkono, mueleze itawekwa wapi na itafutwa lini. Kanuni ya Dijitali ya nchi yetu, ya tarehe 13 Machi 2023, inalinda habari za mtu binafsi, na wakimbizi wana haki ya kuwauliza.

Mashefu, kabla hamjatoka, tufungue vikundi vyenu hapa. Picha za kadi mlizotuma jana au juzi bado zinafutika kwa wote. Zilizopita siku mbili na nusu hazifutiki tena kwa njia hiyo. Kwa hizo, andikeni leo jioni mkiomba kila mmoja azifute katika simu yake. Wenye simu ndogo za vifungo wakae na Mama Katibu, yeye ana daftari.