Kustaafu Kihambani ukiwa na Pasi ya Nje

Msikilizaji, wapo ndugu zetu waliozeekea Uingereza au Marekani. Sasa wanauza nyumba kubwa ya huko, wanataka kijumba Marangu, katikati ya migomba na kahawa. Karibuni sana! Ila mtu mzima aliyechukua uraia wa huko ameupoteza wa Tanzania, na Sheria ya Ardhi ya 1999 ilitungwa ikimzuia asiye raia kumiliki ardhi, isipokuwa kwa uwekezaji. Kihamba cha baba, yaani shamba la urithi, nacho kimo katika zuio hilo, hata ukoo mzima ukikutambua. Kuandikisha kwa jina la binamu? Hapo ndipo ndugu hufikishana barazani. Anzia Uhamiaji, ulizia hadhi maalumu ya diaspora, kisha mwone mwanasheria. Pensheni isiguswe kwanza.