Mfadhili, Mdhamini na Mchangiaji: Uteuzi wa Mgharamiaji wa Mchezo wa Mtandaoni Jijini Arusha

Kiswahili kina majina kadhaa ya mtu anayetoa fedha ili kazi ya mwingine ikamilike, na majina hayo hayana maana moja. Neno mfadhili linatokana na fadhili: mwenye jina hilo hutenda wema, na kwa desturi hadai malipo, ingawa hutarajia shukrani. Neno mdhamini linatokana na dhamana. Katika matumizi ya Tanzania ya leo, mdhamini aghalabu ni kampuni ambayo jina lake huandikwa kwenye jezi za timu. Mchangiaji, kwa upande wake, hutoa kidogo pamoja na wenzake, na kwa sababu hiyo huwa mmoja wa wenye kazi. Tofauti hizi si za kamusi tu. Kikundi kinachotengeneza mchezo wa kompyuta au filamu ya katuni kwa kujitegemea hukutana nazo mara tu kinapoanza kutafuta fedha.

Uchukuliwe mfano wa kubuni. Vijana watatu wa Tengeru, chini ya Mlima Meru, wanakusudia kutengeneza mchezo wa mtandaoni wa Kiswahili kuhusu Kesi ya Ardhi ya Wameru. Kisa chenyewe ni cha kweli. Mwezi Novemba 1951 serikali ya kikoloni ilianza kuwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi. Nyumba zilichomwa moto. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York kuwasilisha malalamiko mbele ya Umoja wa Mataifa, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton. Je, nani agharamie mchezo wa namna hii?

Wa kwanza kufikiriwa ni mdhamini wa kibiashara. Arusha ina hoteli, kampuni za utalii, na mashamba makubwa ya kahawa na maua. Mdhamini hutaka jina lake lionekane, na hiyo ni haki yake. Hata hivyo, kisa cha kunyang'anywa ardhi kinaweza kumkera yule ambaye biashara yake imesimama juu ya ardhi. Si lazima apinge waziwazi. Yatosha aombe sehemu ya kuchomwa kwa nyumba ifupishwe kidogo, kisha kidogo tena.

Wa pili ni mfadhili. Hapa mfano ulio karibu ni shindano la Global Learning XPRIZE, lililozinduliwa mwaka 2014 kwa zawadi ya dola milioni 15 zilizotolewa na Elon Musk. Programu za timu tano zilizofika hatua ya mwisho zilijaribiwa kwa Kiswahili na watoto wa vijiji vya Mkoa wa Tanga, na mwaka 2019 timu za Kitkit School na onebillion zilitangazwa kuwa washindi kwa pamoja. Fadhili hizo zilikuwa na sharti: programu za timu zilizofika fainali ziwe wazi kwa yeyote kuzitumia na kuzirekebisha. Sharti lilijulikana mapema, na lilifaa kwa elimu ya watoto. Lakini kwa vijana wa Tengeru wanaotarajia kuishi kwa kuuza mchezo wao, sharti la aina hiyo si dogo. Kwa mantiki hiyo, ukubwa wa fadhili hauondoi haja ya kusoma masharti yake.

Wa tatu ni mchangiaji, na mfano wake umo ndani ya kisa chenyewe. Safari ya Kirilo iligharamiwa kwa michango ya Wameru. Yafaa kukiri kwamba michango hiyo haikuleta ushindi: azimio la kuwaunga mkono halikupata theluthi mbili za kura katika Baraza Kuu, na ardhi haikurudishwa wakati huo. Walichokipata ni sauti ambayo hakuna mgharamiaji aliyeweza kuihariri. Miaka 15 baadaye, Azimio la Arusha la 1967 lilitoa tahadhari inayofanana, kwamba kutegemea misaada na mikopo ya nje huhatarisha uhuru wa nchi.

Haimaanishi kwamba fedha za kampuni au za nje ni haramu. Michango midogo haiwezi kulipa wachoraji, waandishi wa programu na watia sauti kwa miaka miwili. Kinachopendekezwa ni utaratibu. Kwanza, michango itumike kukamilisha sehemu fupi ya mchezo inayoweza kuchezwa, kwa kuwa mwenye kitu mkononi hujadiliana, na asiye nacho hupokea tu. Pili, mkataba utamke hakimiliki ni ya nani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 humlinda mtunzi, lakini mtunzi mwenyewe aweza kuisaini haki yake ikaondoka. Tatu, mkataba utaje ni nani mwenye kauli ya mwisho juu ya lugha na kisa: kama wazee watazungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kimeru, au kama tafsiri ya Kiingereza itageuzwa kuwa ndiyo asili.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kumwita mtoa fedha mfadhili, mdhamini au mchangiaji, vijana hao na wausome kwanza mkataba wake, kwani humo ndimo jina lake halisi lilimoandikwa.