Tukisema "Oke", Tumesema Nini?

Mazungumzo kwenye mkutano wa wanachama, Kolwezi



Leo tunaomba tuongee juu ya neno moja dogo: oke. Wenzetu waliorudi kutoka Chingola na Solwezi walilisikia kule kila siku. Lakini hata yule asiyewahi kuvuka Kasumbalesa analo mdomoni. Neno lenyewe lilianza kama mchezo. Mwaka 1839 gazeti moja la Boston, Marekani, lilichapa herufi O.K., kifupi cha "yote ni sawa" kilichoandikwa kwa makosa ya makusudi, ili watu wacheke. Mchezo ule ukazunguka dunia, ukafika mpaka Kapata.

Hapa kwetu lina kazi nyingi. Wewa akisema "oke", amekubali bei, panda moto. Mtoto uliyemtuma maji akijibu "oke", maana yake amesikia; kwenda ni habari nyingine. Mgonjwa anasema "niko oke" huku anashika tumbo. Mkubwa akiongea sana, tunamwambia "oke, oke", yaani amalize, lakini kwa heshima. Na kule depo, mashini ikisoma kiwango kidogo, mchimbaji anasema "oke" na kupokea franka zake. Je, amekubali? Hapana. Mifuko imeshashushwa, kuibeba tena ni feza, na nyumbani watoto wanangoja.

Kwa nini tunawachosha na haya? Kwa sababu sisi wenyewe, wafanyakazi wa mashinani, tulianguka kwenye neno hili. Tulipogawa mikopo midogo ya biashara, tulisoma masharti kwa Kifaransa, haraka, jua lilikuwa kali. Tukauliza: "Tuko oke?" Mkutano mzima ukaitika: "Oke!" Nasi tukaandika kwenye ripoti: wanachama wote wamekubali.

Siku ya kurudisha ilipofika, mama mmoja akatujia na uchungu. Alikuwa amelipa masomo ya watoto kwa feza ile. Akasema: "Mi sijuwe Kifaransa. Nilizani ni musaada. Nilisema oke juu bote balisema oke."

Mama huyo hakudanganya. Oke yake ilikuwa ya heshima, na sisi tuliihesabu kama sahihi. Kosa lilikuwa letu. Tulikaa naye, tukagawa deni lake katika vipande vidogo, na bado analipa polepole.

Tangu siku ile tumebadili desturi. Masharti tunayasema kwa Kiswahili cha hapa. Hatuulizi tena "tuko oke?" Tunauliza: "Mama, ukifika nyumbani, utamwambia baba nini juu ya feza hii?" Akieleza mwenyewe kiasi, siku ya kurudisha, na nini kitatokea akikwama, hapo ndipo tunaandika jina. Mkutano unakuwa mrefu zaidi, ni kweli.

Ninyi wanachama, tunawaomba: usiposikia vizuri, usiseme oke. Sema "rudilia". Hakuna atakayekucheka. Nanyi wafadhili, mkisoma kwenye ripoti zetu kwamba "wote walikubali", tuulizeni: walikubali kwa maneno gani?