Mmea nao hubana matumizi



Wiki hii nataka tuzungumzie jambo ambalo mkulima yeyote wa Bahi, Chamwino au Kongwa amelishuhudia kwa macho yake, ingawa huenda hajaelezwa sababu yake. Mvua za Dodoma huanza Desemba, na kwa wastani ni kama milimita 600 tu kwa mwaka. Mara nyingi, msimu ukiwa katikati, mbingu hufunga kwa wiki mbili au tatu. Mashamba mawili yaliyopakana, moja la mahindi na jingine la mtama, yote hunyauka. Mvua ikirejea, mtama huinuka na kuendelea pale ulipoishia. Lakini mahindi yakikutwa na ukavu huo wakati wa kutoa mbelewele, ndevu huchelewa, ungaunga wa mbelewele humwagika bure, na gunzi hubaki bila punje.

Watu husema mtama ni sugu. Ni kweli, lakini hiyo ni nusu ya jibu.

Ndani ya kila chembe hai ya mmea mna maagizo ya kurithi yaitwayo jeni, na mtama unazo takriban 30,000. Hazifanyi kazi zote kwa pamoja. Nyingine huwashwa na nyingine huzimwa, kama taa za nyumbani. Mizizi inapokutana na udongo mkavu, mmea hutengeneza homoni ya ukame, ambayo wataalamu huiita kwa kifupi ABA. Homoni hiyo hufunga vitundu vidogo vya majani ili maji yasipotee, huwasha jeni za ulinzi, na jeni za ukuaji hupunguziwa kasi. Ulinzi huo una gharama. Vitundu vikifungwa, hewa ya ukaa haiingii, na bila hewa hiyo mmea hautengenezi sukari. Kwa lugha ya bajeti, fedha za maendeleo zimehamishiwa ulinzi.

Kwa nini basi wataalamu wasitengeneze mmea ulio macho siku zote? Watafiti wa Japani walijaribu. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 1999, waliiacha jeni moja ya ulinzi, DREB1A, iwake daima ndani ya mmea mdogo uitwao Arabidopsis. Mmea ulistahimili ukame, lakini ulidumaa. Walipoifunga jeni hiyo hiyo kwenye swichi inayowaka wakati wa shida tu, mmea ulikua vizuri na bado ukastahimili. Kumbe siri si kuwa na silaha, bali ni kujua lini uishike na lini uiweke chini ushike jembe.

Hata hapa Makutupora, mwaka 2016 yalipandwa mahindi ya majaribio yaliyopewa jeni ya bakteria ili yahimili ukame. Mwaka 2018 Serikali iliamuru majaribio ya aina hiyo yakome. Mjadala huo una wenyewe. Ninachosema mimi ni kwamba kile kilichokuwa kikitafutwa katika mahindi, mtama tayari unacho. Ni mzaliwa wa Afrika, na wakulima wa bara hili wameuchagua kwa maelfu ya miaka, wakihifadhi mbegu ya suke lililosalimika.

Tatizo ni sisi wa mjini. Mkulima hupanda kinachouzika. Tukifika soko la Majengo tunaulizia sembe, na mtama tunauona ni chakula cha njaa au cha kupikia pombe. Basi naye hupanda mahindi. Mwaka wa mvua nzuri huvuna magunia mengi kuliko jirani yake mwenye mtama, nasi tunamsifu kwa bidii. Mwaka wa ukame huja mjini na gunia tupu, akanunua kwa bei ya juu kile alichotarajia kutuuzia.

Hakuna anayesema mahindi yaachwe. Huko Mbeya na Rukwa kwenye mvua za kutosha, yana haki yake. Lakini hapa uwanda wa kati, mbegu isipimwe kwa mwaka wa neema peke yake. Nasi tukitaka mkulima apande mtama, tuanze kwa kuununua na kuusonga ugali majumbani mwetu, na mlenda pembeni.

Wahenga walisema akiba haiozi. Mtama umelishika neno hilo tangu zamani.