Fundi wa Gerezani na Meli ya Mwanza

Msikilizaji, MV Mwanza, meli ya Ziwa Victoria, ina urefu wa mita 92.6, na imejengwa kubeba abiria 1,200 na tani 400 za mizigo. Iliungwa kule Mwanza, bamba kwa bamba.

Sasa pita mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, si mbali na Jangwani. Vijana wamechuchumaa kando ya barabara wakichomelea mageti, cheche zinawarukia hadi kwenye kandambili. Mkono wa kazi wanao. Lakini wakiomba kazi kwenye karakana ya meli, swali la kwanza ni cheti.

Inaniuma. Hata hivyo, meli si geti. Tundu la sindano kwenye mshono huingiza maji, na abiria ana haki ya fundi aliyepimwa. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, inao utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunzia mtaani, kumjazia pengo na kumpa cheti. Utaratibu huo upelekwe Gerezani, pale pale penye cheche.

Na wewe kijana, barua yako isiishie kwenye “nina uzoefu.” Taja unene wa chuma ulichowahi kuchomelea, na mkao: chini, ukutani, au juu ya kichwa. Msimamizi wa karakana anatafuta hayo.